Simu janja ndogo zimekwenda wapi? Niliomba ndogo, nikaletewa katorchi

Mleta uzi: Mwalimu wa Hesabu, Jinja

Wadau, salaam. Jumamosi iliyopita nilipanda taksi ya alfajiri kutoka Jinja, nikateremkia paki ya zamani ya Kampala, nikaenda kwa miguu hadi Luwum Street kwa shughuli moja tu, nayo ni kutafuta simu janja ndogo. Katika duka la kwanza nilimwambia kijana aliyesimama nyuma ya kabati la vioo kwamba nahitaji simu ndogo inayoingia mfukoni. Bila kuniuliza lolote aliinama, akaniwekea katorchi mbele yangu: vitufe, tochi kichwani, laini mbili, redio. Nilipomweleza kwamba naitaka ndogo lakini iwe na WhatsApp, kamera nzuri na programu ya benki, alinitazama kwa huruma kidogo, akasema, "Ssebo, ndogo ndiyo hii. Zile nyingine zote ni kubwa." Duka la pili, la tatu na la nne walinijibu vilevile kwa maneno tofauti, na katika duka la tano walinionyesha simu ya mtumba ya inchi 6.1 huku wakiapa kwamba hiyo ndiyo ndogo ya siku hizi.

Jibu la kijana yule limenikaa kichwani wiki nzima, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba alisema jambo zito bila kujua. Kwetu Uganda simu ndogo haijatoweka. Ipo kila kona, inauzwa kila siku, na wengi wetu tunayo. Kilichotoweka ni simu ndogo yenye akili. Udogo umeachiwa katorchi, akili imepewa simu kubwa, na anayetaka vyote viwili katika kifaa kimoja hana pa kwenda.

Mimi natumia iPhone SE ile ya kwanza, iliyotoka mwaka 2016, ambayo niliinunua mtumba mwaka 2019. Kioo chake ni cha inchi 4, uzito wake ni gramu 113 na upana wake ni milimita 58.6, kwa hiyo kidole gumba changu hufika kila pembe bila msaada wa mkono wa pili. Naandika alama za wanafunzi kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika chaki. Betri nimeshaibadilisha mara mbili. Mwaka huu programu ya benki yangu imegoma kufunguka kwa sababu mfumo wa simu hii uliishia toleo la 15, na hapo ndipo safari ya Luwum Street ilipoanzia.

Kwa vijana waliozikuta simu zikiwa tayari kubwa, inafaa kukumbusha kwamba zamani ndogo ndiyo iliyokuwa kawaida. iPhone ya mwaka 2007 ilikuwa na kioo cha inchi 3.5, na kipimo hicho hakikuguswa hadi iPhone 5 ya mwaka 2012 ilipofikisha inchi 4. Julai 2010 Steve Jobs aliwaambia waandishi wa habari kwamba simu kubwa ambayo mkono hauwezi kuikamata vizuri haitanunuliwa na mtu. Mwaka uliofuata Samsung ilitoa Galaxy Note ya inchi 5.3 yenye kalamu yake, na wengi wakaicheka kwamba mtu akiiweka sikioni huonekana kama ameshika kibao cha shule. Kicheko hicho hakikudumu. Mwaka 2014 Apple yenyewe ilitoa iPhone 6 ya inchi 4.7 na 6 Plus ya inchi 5.5, na tangu hapo kampuni zilizorudi kwenye udogo zilirudi kwa mguu mmoja nje.

Hapa naomba mniruhusu nishike chaki kidogo. Inchi zinazotangazwa ni urefu wa mshazari, yaani kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe inayoikabili, na mshazari ni kipimo kinachodanganya, kwa sababu vioo viwili vyenye eneo sawa vinaweza kuwa na mishazari tofauti kabisa iwapo kimoja ni kirefu na chembamba. Galaxy Note ya mwaka 2011 ilikuwa na uwiano wa urefu kwa upana wa 16 kwa 10, na ukipiga hesabu utapata eneo la kama sentimita 81 za mraba. iPhone 12 mini ya mwaka 2020 ilitangazwa kuwa na inchi 5.4 kwa uwiano wa 19.5 kwa 9, na hesabu inakupa kama sentimita 72 za mraba. Ile iliyochekwa kuwa jitu ina mshazari mfupi kuliko hii iliyopewa jina la mini! Upana nao una maajabu yake, kwani Note ile ilikuwa na milimita 83, wakati iPhone 16 Pro Max, jitu la siku zetu, ina 77.6. Simu zimerefuka kuliko zilivyopanuka, na ndiyo maana kiganja bado kinaweza kuishika simu ya inchi 6.7 lakini kidole gumba hakifiki juu kunakokaa kitufe unachokitafuta. Simu ya inchi 6.7 yenye uwiano wa 20 kwa 9 ina kama sentimita 108 za mraba. Yangu ina 44. Msishangae basi mtu akisema kwamba simu yangu ni ya mtoto.

Sasa tuje kwenye sababu, na ya kuanza nayo ni betri. Ndani ya simu kuna vitu ambavyo havikubali kupungua eti kwa kuwa mnunuzi anapenda udogo: bodi yenye prosesa, kamera, spika, antena, mahali pa laini, tundu la chaji. Vyote hivyo vikishakaa, nafasi inayobaki ndiyo ya betri, na ukipunguza ganda la simu, karibu hasara yote inaangukia hapo. iPhone 12 mini iliambulia betri ya mAh 2,227 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba), wakati iPhone 12 ya kawaida ilikuwa na 2,815 na Pro Max 3,687, ilhali zote tatu zilibeba prosesa ileile na kutafuta mtandao uleule. Ni kweli kwamba kioo kidogo hula umeme kidogo, lakini prosesa na antena hazijui kioo kina ukubwa gani. Lileteni jambo hilo hapa kwetu, ambako umeme unaweza kukatika adhuhuri ukarudi watu wamelala, na ambako kijijini wapo wanaolipia chaji kwenye kibanda cha sola pale senta. Tecno, Itel na Infinix, ambazo zote ni za kampuni moja ya Shenzhen iitwayo Transsion, zimeifanya betri ya mAh 5,000 kuwa jambo la kawaida hata katika simu za bei nafuu. Mnunuzi wa simu hizo hanunui ukubwa. Ananunua siku mbili za chaji, na ukubwa unamfuata kama mkia.

Jaribio kubwa la mwisho la kuuokoa udogo ni hilo la iPhone mini, na linastahili kuelezwa vizuri kwa sababu hulaumiwa bila haki. Lilikuja Novemba 2020 kwa dola 699, miezi michache tu baada ya Apple kuweka madukani SE ya pili kwa dola 399, yenye kioo cha inchi 4.7. Mpenda udogo asiye na haraka ya teknolojia alikuwa tayari ameshanunua SE, na mwenye pesa za mini alikuwa anahitaji dola 100 tu zaidi kupata iPhone 12 yenye betri kubwa. Kampuni ya utafiti ya CIRP ilikadiria kwamba katika miezi ile ya kwanza mini ilipata kama asilimia 6 tu ya mauzo ya iPhone nchini Marekani. 13 mini ya mwaka 2021 ilikuwa na betri bora, lakini hukumu ilikuwa imeshaandikwa. Mwaka 2022 nafasi ya mini ilichukuliwa na iPhone 14 Plus ya inchi 6.7, Septemba 2023 13 mini iliondolewa kwenye orodha, na Februari 2025 SE ya tatu nayo ikaondoka siku ilipotangazwa 16e ya inchi 6.1. Upande wa Android msiba ulikuwa umeanza mapema: Sony ilitoa Xperia Compact, simu yake ndogo, kwa mara ya mwisho mwaka 2018, na Asus, baada ya kutuliwaza kwa Zenfone 10 ya inchi 5.9 mwaka 2023, mwaka uliofuata ilikuja na Zenfone 11 Ultra ya inchi 6.78. Hata Eric Migicovsky, mwanzilishi wa saa za Pebble, alipoanzisha mwaka 2022 wito wa kukusanya majina ya wanaotaka simu ndogo ya Android, majina yalimiminika lakini kiwanda hakikutokea.

Nisiache kusema kwamba watengenezaji wenyewe walituharibia jina. Galaxy S4 mini ya mwaka 2013 haikuwa S4 iliyopunguzwa umbo. Ilikuwa simu dhaifu zaidi iliyovalishwa nguo za kaka yake, ikiwa na kamera ya megapikseli 8 badala ya 13 na prosesa ya daraja la chini. Wanunuzi wakajifunza kwamba "mini" maana yake ni "pungufu". Sony peke yake ndiyo iliyokuwa na adabu: Xperia Z1 Compact ya mwaka 2014, inchi 4.3, ilikuwa na prosesa na kamera zilezile za Z1 kubwa. Ningeipata leo ikiwa na mfumo mpya, uzi huu usingekuwapo.

Hata hivyo nina ungamo, na nalitoa mwenyewe kabla hamjanibana. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Katika muda huo nilifundisha kwa WhatsApp: nilipiga picha ya ubao, nikaituma, na wanafunzi walinitumia picha za madaftari yao. Kwenye kioo cha inchi 4 sikuweza kutofautisha 6 na 0 za mwanafunzi mwenye mwandiko mbaya, na nikawa navuta picha kwa vidole viwili mpaka vikaniuma. Upande wa pili wa mtandao kulikuwa na nyumba nyingi ambazo hazina kompyuta wala runinga, zenye simu janja moja tu, ya baba au ya mama, na watoto watatu wameinamia kioo hichohicho. Katika nyumba kama hizo simu ni darasa, ni sinema ya jioni, ni gazeti, ni duka la nguo. Mzazi wa namna hiyo akienda dukani kununua simu mpya na ana pesa ya simu moja, sina ujasiri wa kumwambia anunue ndogo. Mzungu mwenye kompyuta mezani, tableti kitandani na runinga ukutani ndiye angepaswa kuwa mteja wa simu ndogo, na yeye pia aliikataa.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba watu wamedanganywa na matangazo. Hoja yangu ni kwamba hapa kwetu mahitaji ya udogo hayakufa, yaligawanywa. Angalieni mikono ya watu kwenye taksi yoyote inayotoka Kampala kwenda Mukono. Simu kubwa iko mkobani, katorchi iko mkononi. Ya mkononi ndiyo inayopigiwa, ndiyo inayodumu na chaji siku nne, ndiyo inayoanguka kwenye lami na kuokotwa bila kilio. Kwa muda fulani ilionekana kwamba simu za mfumo wa KaiOS zingeziba pengo, kwa kuwa zilikuwa na vitufe na WhatsApp kwa pamoja, lakini mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka lao la programu, na daraja hilo nalo likavunjika.

Swali langu kwenu ni hili: kuna yeyote kati yenu anayetumia simu janja ndogo hadi sasa, na mnazipata wapi? Mafundi pia naomba mnieleze iwapo nipigane na hii SE yangu au niizike.

Fundi wa Luwum

Mwalimu, heshima yako. Mimi niko Luwum Street hapohapo, na huenda ulipita mlangoni kwangu. Umeeleza betri vizuri, lakini umesahau kioo, na kioo ndicho kinachonilisha mimi. Mteja akija na Tecno au Infinix ya inchi 6 na kitu iliyopasuka, kioo cha kubadilisha nakipata ndani ya jengo hilihili kabla chai yangu haijapoa, kwa sababu modeli nyingi zina vioo vinavyokaribiana na wauzaji wanaviagiza kwa wingi. Mwaka jana alikuja dada mmoja na Xperia Compact. Niliulizia kioo chake kwa kila muuzaji ninayemjua, nikaagiza kwa mtu anayekwenda Dubai, kikaja cha modeli nyingine. Dada wa watu alisubiri miezi miwili, akaishia kununua simu kubwa huku akinilaumu mimi.

Jambo la pili ni joto. Prosesa yenye nguvu hutoa joto, na joto hilo hutoka nje kupitia mgongo wa simu. Mgongo ukiwa mdogo, joto linabanana, na simu inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Wateja huniambia simu imechoka, kumbe ni jua la saa nane na mgongo mdogo.

La tatu huenda halitakufurahisha. Ninyi wapenda simu ndogo ni wateja wazuri kwa fundi na wabaya kwa kiwanda. Mtu wa simu kubwa nyingi namwona na simu mpya kila baada ya miaka miwili. Wewe umenunua mtumba mwaka 2019, maana yake kiwanda hakikupata hata shilingi yako, na tangu hapo umebadilisha betri mara mbili kwa mtu kama mimi. Kwenye vitabu vya Apple wewe haupo. Wakihesabu wanaotaka simu ndogo, wanahesabu walionunua mpya mwaka ule, na ninyi mlikuwa nyumbani mmezikumbatia za zamani.

Wakala wa Mobile Money, Busia

Mwalimu, umeandika vizuri lakini umeandika kama mwanamume mwenye mfuko wa suruali. Sisi tunaovaa gauni la gomesi hatuna mfuko hata mmoja. Simu ya mwanamke hukaa mkobani, kwenye mshipi, au kifuani, na hiyo ya kifuani kila mwanamke anajua ukubwa wake wa mwisho. Simu ya inchi 6.7 haikai kifuani, inachungulia.

Mimi kazini nina simu tatu. Pesa yote ya wateja naifanya kwenye katorchi mbili, moja ya MTN na moja ya Airtel, kwa *165# na *185#, kwa sababu hazihitaji bando, hazigandi, na mwizi hazitamani. Simu kubwa nayo nimeifungia kwenye droo, ni ya WhatsApp na ya kuangalia bei za bidhaa upande wa pili wa mpaka. Hebu litazameni hilo: pesa, ambayo ndiyo kitu kizito kuliko vyote, nimeikabidhi simu ndogo kuliko zote.

Lakini siungi mkono kwamba nipewe simu janja ndogo. Nina miaka 53. Macho yangu ya karibu yamechoka, na miwani nimeiacha nyumbani leo kama nilivyoiacha jana. Kwenye simu kubwa nimeongeza ukubwa wa maandishi hadi mwisho, na mstari mmoja bado unaingia maneno manne au matano. Kwenye kioo chako cha inchi 4 ungeingia neno moja na nusu. Ninyi mnaodai udogo nawaona wengi wenu bado ni vijana, au macho yenu yana bahati.

Boda wa Ntinda

Ndogo ya nini, mwalimu? Simu yangu iko kwenye usukani, jua limeipiga, na ninahitaji kuiona ramani kwa kutupa jicho mara moja tu huku lori liko mbele yangu. Nilikuwa na ya inchi 5 nikaiuza. Shida ya kubwa ni moja, nayo ni kwamba kwenye foleni wanaopora wanaiona toka mbali.

Mleta uzi

Nimesoma yote, na nianze na mama wa Busia kwa sababu amenigusa mahali penye uchungu. Nina miaka 44, na mwezi uliopita nilijikuta nanyoosha mkono ili niisome SE yangu mwenyewe. Nimeupokea ukweli wako, mama, ingawa sitaupeleka kwa mke wangu, ambaye amekuwa akiusema kwa miaka mitatu. Kuhusu kifua na gomesi sikuwa na la kuandika, na ni vizuri limeandikwa na mwenye haki ya kuliandika. Naongeza tu kwamba wengi wa marafiki zangu wanaolalamikia ukubwa wa simu ni wanawake, kwa kuwa kiganja chao kwa kawaida ni kidogo kuliko chetu, na sioni katika simu za leo dalili kwamba aliyezichora alikifikiria kiganja hicho.

Fundi, hoja yako ya vitabu vya Apple imenikosesha usingizi. Ni kweli kabisa: mimi ni mteja ambaye hajawahi kuwa mteja. Hata hivyo nitajitetea kidogo. Mtu mwenye mshahara wa ualimu hanunui simu mpya ya Apple, awe anapenda udogo au ukubwa. Simu tunazozipata hapa kama mtumba ni zile ambazo watu wa Ulaya na Marekani walizinunua mpya miaka mitatu au minne iliyopita. Wao walipoikataa mini, walitukatalia na sisi bila kutuuliza, kwa sababu kisichonunuliwa kipya huko hakifiki Luwum Street kikiwa kimetumika. Nilizitafuta 12 mini Jumamosi ile. Niliipata moja tu, imepasuka mgongo, na muuzaji aliitaka kwa bei ya juu kuliko iPhone 12 ya kawaida iliyokuwa kando yake. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba ni adimu. Kitu kilichoshindwa kuuzwa duniani sasa kinauzwa ghali kwa kuwa kilishindwa kuuzwa!

Ndugu yangu wa boda, kwenye usukani umenishinda, sina jibu.

Mwanafunzi wa Makerere

Mbona hakuna aliyetaja simu za kukunja? Samsung ilitoa Galaxy Z Flip ya kwanza mwaka 2020. Ikifungwa ni kama kipande cha sabuni, ikifunguliwa ni inchi 6.7. Mama wa Busia anapata maandishi makubwa, na kifua kinapata simu ndogo.

Fundi wa Luwum

Kijana, wazo ni zuri kwa mtu ambaye hajawahi kuifungua moja mezani. Kioo cha ndani ni laini, bawaba ina nafasi ndogo, na vumbi letu la kiangazi halibishi hodi. Nilizoletewa zilikuwa mbili, na zote mbili bei ya kioo cha ndani ilikaribia bei ya simu nzima ya mtumba. Wenyewe waliziondoa mezani kwangu kimyakimya. Zaidi ya hapo, ukiifunga haujapunguza simu, umeikunja tu. Unene unaongezeka maradufu, na kila unapotaka kuitumia inakurudia ukubwa uleule ambao mwalimu anaukimbia.

Mwalimu, kuhusu SE yako, usiizike bado. Betri zake bado zinapatikana, na ni simu rahisi kufungua kuliko nyingi za leo. WhatsApp bado inaikubali. Tatizo lako ni la benki peke yake, na benki nyingi hapa zina huduma ya namba za nyota na reli, ambayo haitaki programu wala mfumo mpya. Ukiisajili kwenye laini yako ya pili, unaweza kuifanya kwenye simu yoyote.

Mleta uzi

Nimepiga simu benki leo asubuhi, na wamethibitisha kwamba huduma hiyo wanayo. Kwa hiyo Jumamosi nakuja na SE ibadilishwe betri kwa mara ya tatu, na kabla sijafika kwako nitapita kwa kijana wa duka la kwanza, nimwambie anipe ile katorchi aliyoniwekea mbele yangu siku ile. Natumaini hatakumbuka sura yangu.

Wakala wa Mobile Money, Busia

Chukua yenye laini mbili, mwalimu. Na tochi uijaribu kabla hujalipa.